Choose, pick, select: nani anachagua, na kwa haki gani?

Watu wanaojifunza Kiingereza, na hata wenzangu tunaokitafsiri kwa riziki, hawaishi kuniuliza tofauti ya "choose", "select" na "pick". Kamusi haiwapi msaada mkubwa. Ukifungua kwenye "choose" unakuta chagua. Kwenye "select" unakuta chagua, teua. "Pick" ni chagua, chuma, okota. "Elect" ni chagua. "Opt" ni chagua. Mtu anaifunga kamusi akiamini Waingereza wamejilimbikizia maneno matano kwa kazi ya neno moja, na kwamba lolote litakalomjia kwanza litafaa.

Mara nyingi litafaa kweli. Sentensi ikiwa "Choose a colour", ukiweka "pick" au "select" hakuna atakayekushtaki. Lakini chukua "She chose to stay", yaani aliamua kubaki, halafu weka "selected" mahali pa "chose". Mwingereza yeyote atakunja uso, hata kama hawezi kukueleza kwa nini.

Jibu ninalolitoa siku hizi linaanza na maswali: nani anachagua, anachagua kutoka kwenye nini, na nani kampa haki hiyo? Maneno haya matano yamegawana majibu ya maswali hayo. Kiswahili nacho kina mgawanyo wake, ila mipaka yake haikupita palipopita ile ya Kiingereza, na tabu yote ya tafsiri huanzia hapo.

Mkongwe wao ni "choose". Lilikuwapo kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, likiandikwa "ceosan". Wanaofuatilia asili ya maneno hulirudisha nyuma zaidi, hadi kwenye mzizi wa kale wa Kihindi-Kiulaya, ukoo ulimotoka lugha nyingi za Ulaya na Asia, uliohusu kuonja. Mzizi huohuo ndio uliozaa "gustus" ya Kilatini, yaani ladha, na kupitia huko Kiingereza kikapata "disgust". Kwa hiyo "choose" na "disgust" wana damu moja: huyu ameonja akakubali, yule ameonja akatema. Sipendi tabia ya kueleza maana ya leo kwa kutumia asili ya neno, maana maneno huhama na kusahau kwao. Hapa lakini asili inasaidia. Ndani ya "choose" mpaka leo yumo mtu mwenye ulimi wake mwenyewe, anayejua anachokipenda na asiyelazimika kukueleza kwa nini.

Umbo lake ndilo linalowatesa wanafunzi. "Choose" ni ya sasa, "chose" ni ya wakati uliopita, "chosen" ni ya jambo lililokwisha, na "choice" ndiyo nomino. O moja ikidondoka, wakati wa tendo umebadilika, na kikagua tahajia cha kompyuta mara nyingi hukaa kimya kwa sababu maneno yote mawili yapo na ni sahihi. Wala matamshi hayafuati maandishi: lenye o mbili husomwa kwa u ndefu, na lenye o moja ndilo lenye sauti ya o.

Ukimwona mtu ameandika "choosed" usimcheke sana. Kiingereza chenyewe kimeshalinyoosha neno hili. Zamani lilipinda kuliko leo: ceosan, ceas, curon, coren. S iligeuka r katika baadhi ya maumbo, kama "was" inavyogeuka "were" hadi leo, na katika miaka ya 1870 Mdenmark mmoja, Karl Verner, ndiye aliyeonyesha kanuni iliyo nyuma ya mageuzi hayo. Waingereza walichoka na ile r, wakairudisha s kote. Wajerumani waliihifadhi mahali pa heshima: wakuu waliokuwa na haki ya kumchagua mtawala wa Dola Takatifu ya Kirumi waliitwa "Kurfürst", na hiyo "Kur" ni uchaguzi. Hati ya Dhahabu ya mwaka 1356 iliwataja saba. Dola zima, wachaguzi saba.

Nomino nayo ina kisa chake. Kiingereza cha kale kilikuwa na "cyre", likafa. "Choice" tunayoitumia imetoka Kifaransa, kwenye "choisir". Lakini Wafaransa nao walikuwa wamelichukua kutoka kwa makabila ya Kijerumani, kwenye ukoo uleule wa "ceosan". Kwa hiyo ni binti aliyeolewa mbali, akarudi kwao mtu mzima, na lafudhi imembadilika hata ndugu zake wakamdhania mgeni. Likiwa kivumishi, "choice" lina maana ya kitu bora kilichochambuliwa, isipokuwa kwenye "choice words", ambapo mtu anakuambia kwa adabu kwamba mwenzake ametukana matusi ya nguoni.

Sasa tuje kwa wale waliotoka Kilatini. "Select" na "elect" wamezaliwa na kitenzi kimoja, "legere", kukusanya au kuokota, ambacho baadaye kikawa pia kusoma. Ukiongeza "se", unaokota na kuweka kando. Ukiongeza "e", unaokota na kutoa nje. Ukoo huu ni mkubwa: "collect" yumo, "neglect" yumo, "intelligent" yumo, hata "elegant" yumo, ambaye tangu mwanzo alikuwa mtu ajuaye kuchagua.

Linaposemwa "select", macho huenda kwenye fungu, si kwa mchaguaji. Kuna vitu vingi, kuna kigezo, kuna vinavyobaki baada ya kigezo kupita. Ndiyo maana barua za ajira zinaandika "selected candidates" na haziandiki "chosen candidates": mwajiri anataka uamini kwamba kilichofanya kazi ni kigezo, kwamba hakuna ulimi wa mtu uliohusika. Na ndiyo maana mashine zinalipenda neno hili. Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM walipobuni katika miaka ya 1970 lugha ya kuuliza hifadhidata, ile ambayo leo inaitwa SQL, amri yake kuu wakaiita SELECT. Unaiambia hifadhidata itoe watu wote waliozaliwa baada ya mwaka fulani, inakutolea. Haijapenda mtu, haijachukia mtu. Laiti wangeiita CHOOSE, pangekuwa na kichekesho fulani, kana kwamba hifadhidata imepewa hiari.

Kipimo ninachokipenda ni cha kisarufi, na hakihitaji falsafa. Weka kitenzi kingine mbele yake. "She chose to stay", sawa. "She opted to stay", sawa. "She elected to stay", sawa, ingawa ananukia ofisi ya mwanasheria. "She selected to stay", hapana. "She picked to stay", hapana. "Select" na "pick" hudai kitu cha kushika, kitu kilichomo kwenye fungu. "Choose" linaweza kuchagua tendo, njia, maisha, hata kutotenda.

Kiswahili cha leo kimeifuata njia hiyo. Magazeti yamejaa "alichagua kunyamaza" na "wamechagua kubaki". Wahariri wa zamani hawaipendi sentensi hii. Wao wangeandika "aliamua kunyamaza" au "aliona heri anyamaze". Niko nao nusu. Kama mtu alikuwa na njia mbili zilizo wazi mbele yake, "alichagua kunyamaza" linasema jambo ambalo "aliamua" halisemi, kwamba angeweza kusema na mlango ulikuwa wazi. Kama hakuwa na njia mbili, andika "alinyamaza" na uendelee na habari yako.

Na tazama hiyo "aliona heri". Heri imetoka Kiarabu, na hiari nayo imetoka Kiarabu, tena kwenye mzizi mmoja: kilicho chema na kile unachokichagua ni ndugu huko. Sisi tukasema "hiari yashinda utumwa", tukimaanisha afanyaye kwa kupenda humshinda afanyaye kwa kusukumwa. Anayetafsiri "by choice" na kuandika "kwa chaguo lake", huku "kwa hiari yake" imekaa tu inamsubiri, ananisikitisha kila mara.

Kuna ugomvi mmoja wa kitaalamu unaoonyesha tofauti hizi vizuri kuliko zoezi lolote la darasani. Charles Darwin alipotoa mwaka 1859 kitabu chake kuhusu jinsi viumbe wanavyobadilika, aliliita wazo lake "natural selection". Neno alilitoa kwa wafugaji, aliowafuatilia kwa makini. Mfugaji wa njiwa anawatazama makinda, anawaweka kando wale wenye mkia anaoutaka, anawazalisha hao. Darwin akasema maumbile nayo hufanya hivyo, bila mfugaji, kwa muda mrefu mno. Aliye na sifa inayomfaa mahali alipo anaishi na kuzaa, asiye nayo anapungua.

Alfred Russel Wallace alikuwa amefikia wazo hilohilo kivyake, na maandishi yao wawili yalisomwa pamoja London mwaka 1858. Hakuwa mpinzani. Lakini Julai 1866 alimwandikia Darwin barua ya kulalamikia neno. Wasomaji, alisema, wanaposikia "selection" wanamtafuta mteuzi. Wanadhani maumbile yana macho, yanatazama, yanapendelea. Akamshauri atumie maneno ya mwanafalsafa Herbert Spencer, "survival of the fittest", kusalimika kwa anayefaa zaidi. Darwin akayaingiza katika toleo la tano la mwaka 1869, akayaweka kando ya lake bila kuliacha.

Nadhani Wallace alikuwa na haki, na nadhani pia Darwin alikuwa amekwisha kuchagua neno lisilo na madhara makubwa kati ya yale aliyokuwa nayo. Hebu fikiria angeliandika "natural choice". Hapo maumbile yangekuwa mtu kabisa, yenye kupenda na kuchukia. "Select" angalau linaweza kutendwa na kichujio. "Choose" haliwezi.

Sasa lete hilo kwenye Kiswahili. Tukiandika "uteuzi wa asili", lalamiko la Wallace linarudi na uzito mara mbili, kwa sababu teua kwetu lina harufu ya mamlaka. Anayeteua amekaa juu, anayeteuliwa anaitwa. Tukiandika "uchaguzi wa asili", msomaji anaona foleni na masanduku ya kura. Mimi, kama ningeulizwa mapema, ningesema "mchujo wa asili". Mchujo haumhitaji mtu mwenye nia. Kinachopita kimepita, kilichobaki kimebaki, na watu wanalijua neno hilo kutokana na mashindano, ambako timu hutolewa hatua kwa hatua bila mtu kuzichukia. Bahati mbaya istilahi zikishaingia kwenye vitabu vya shule hazisikii ushauri.

Hiyo tofauti ya chagua na teua Kiingereza hakina kwa namna yetu. Sisi tunauliza kwanza nani yuko juu. Wapiga kura huchagua, rais huteua. Wengi wakimpa mtu nafasi, amechaguliwa. Mmoja mwenye madaraka akimpa, ameteuliwa. Mwingereza ana "elect" na "appoint" kwa kazi hiyo, na "select" hukaa katikati bila kujali cheo cha mtu. Ndiyo maana "selection committee" tunaiita kamati ya uteuzi, tunaiongezea ukubwa ambao kwa Kiingereza haina. Na kura yenyewe, ukiifuata kwao Uarabuni, ilikuwa kupiga bahati, kuacha jambo liamuliwe na kijiti au kijiwe. Mpaka leo "kupiga kura" hubeba yote mawili, na mara nyingine muktadha peke yake ndio unaokuambia kama watu walichagua au walibahatisha.

Kisha lugha inajipinga yenyewe, jambo linalonifurahisha. Aliyeshinda uchaguzi lakini hajaapishwa tunamwita rais mteule. Hakuteuliwa na mtu! Amechaguliwa na mamilioni, na bado tunampa jina la mtu aliyeitwa na mkubwa wake. Kiingereza nacho kinasema "president-elect", na "elect" hapo imekaa nyuma ya nomino, mahali ambapo vivumishi vya Kiingereza kwa kawaida havikai. Ni mazoea ya Kilatini na Kifaransa cha mahakamani. Pengine sisi tumesikia uzito huo tukatafuta neno zito la kwetu.

Wafasiri wa Biblia walikutana na jambo hili kabla yetu. Mathayo 22:14 kwa Kiingereza cha mwaka 1611 inasema "many are called, but few are chosen". Biblia ya Kiswahili ya Union Version inasema "waitwao ni wengi, bali wateule ni wachache". Kigiriki kina "eklektoi", wenye damu moja na "elect" ya Kilatini. Waingereza wakachukua neno lao la nyumbani. Waswahili wakaona kwamba anayechagua hapa ni Mungu, na Mungu hapigi kura, wakaandika wateule. Sauti ya aya ikabadilika: "chosen" ni watu waliopendwa, "wateule" ni watu waliopewa cheo. Lakini fungua Yohana 15:16, katika Biblia hiyohiyo: "Si ninyi mlionichagua mimi, bali ni mimi niliyewachagua ninyi." Hapa ni chagua, mara mbili. Nadhani ni kwa sababu tendo linakwenda pande zote mbili. Wanafunzi hawawezi kumteua bwana wao, na sentensi ilihitaji kitenzi kimoja kinachoweza kupanda na kushuka. Nikisoma aya hizo mbili sambamba naona kwamba wale watu hawakuwa wakifuata kamusi. Walikuwa wakijiuliza nani yuko wapi.

"Pick" ni mambo mengine kabisa. Hili ni neno la vidole. Anayesema "pick" hakuoni ukiwaza, anaona mkono ukinyooka. "Pick a number, any number" huambiwi uwaze, unaambiwa ushike lolote. Linafaa kwa jambo jepesi, la haraka, la mazungumzo, na mtu akilitumia kwa jambo zito anakuwa ama anatania ama anadharau. "They picked a judge" ni habari. "They picked a judge" ikisemwa na aliyeshindwa kesi ni tuhuma.

Hapa ndipo Kiswahili kinapokishinda Kiingereza kwa mbali, kwa maoni yangu. Mwingereza ana "pick" moja na anaikimbiza kila mahali. Ua analipick. Meno anayapick. Kufuli analipick. Mtoto anampick shuleni, kwa kuongeza "up". Ugomvi anaupick, na mnyonge anampick pia, kwa kuongeza "on". Sisi ua tunalichuma, meno tunayachokonoa, pamba tunaichambua, kilichoanguka tunakiokota, ndege anadonoa, ugomvi unachokozwa, mnyonge anaonewa, na mtoto tunampitia. Kila kitenzi kimechunguza kwanza kitu kinachoshikwa na namna kinavyoshikwa. Mfasiri wa mashine anayeandika "kuchagua meno yake" ndiye anayetupatia riziki sisi wengine.

Nililetewa wakati mmoja makala yenye sentensi hii: "The minister cherry-picked the figures." Aliyetafsiri alikuwa ameandika "Waziri alichagua takwimu." Hakuna kosa la sarufi hapo, na hakuna shutuma pia, wakati sentensi yote ni shutuma. Mwingereza anasema waziri alishika zile zilizomnufaisha akaziacha zilizomwumbua. Tukajaribu "alichagua takwimu zinazompendeza", ikawa ndefu na bado baridi. Mwisho tukaweka "alidondoa takwimu zinazomfaa". Kudondoa ni kutoa kidogo kidogo hapa na pale, ndivyo tunavyopata dondoo za habari, na msikilizaji anajua kwamba kilichodondolewa si kitu kizima.

Vivyo hivyo "pick and choose". Kwa macho ni kurudia jambo moja mara mbili. Kwa masikio ya Mwingereza ni lawama. "You can't pick and choose which rules to follow" ni kumwambia mtu huwezi kushika sheria uzipendazo na kuzipa kisogo nyingine. Kiswahili kina kurudufu kwa kazi hiyo: mtu wa kuchagua-chagua. Na methali zetu hazimhurumii mtu wa namna hiyo. Mchagua nazi hupata koroma. Mchagua jembe si mkulima. Ukizisikiliza methali hizi peke yake utadhani kuchagua kwetu ni kosa.

Lakini upande wa pili upo. Mwaka 1969, akizungumzia Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Tanzania, Julius Nyerere alisema kupanga ni kuchagua, na watu wanalirudia mpaka leo, mara nyingine bila kujua lilitoka wapi. Nguvu ya sentensi hiyo iko kwenye kitu ambacho hakikutajwa, yaani kile utakachokiacha. Fedha ni chache, mahitaji ni mengi, ukisema hili liwe kwanza umesema lile lisubiri. Kwa Kiingereza ilisemwa "to plan is to choose", na hakuna neno jingine kati ya yale matano ambalo lingeweza kukaa pale. "To plan is to pick" ni mzaha. "To plan is to select" ni maelekezo ya mashine.

Kuacha huko ndiko ninakowaambia wafasiri wakutaje. Kiingereza kinasema "she chose work over rest", na hiyo "over" imekikalia kile kilichoachwa hadi hakionekani. Ukiandika "alichagua kazi juu ya mapumziko" umeandika Kiingereza kwa herufi za Kiswahili. Andika "alichagua kazi akaacha mapumziko". Kilichoachwa sasa kina kitenzi chake. "Choose between" na "choose from" hazina shida: ya kwanza ni vitu viwili vinavyoshindana, ya pili ni fungu.

Cambridge, katika karne ya 16 na ya 17, alikuwapo mkodisha farasi aitwaye Thomas Hobson. Alikuwa na farasi wengi, na wateja walitaka wale wazuri tu, kwa hiyo wazuri wakawa wanachoshwa. Akaweka kanuni: unachukua aliye karibu na mlango, au unaondoka bila farasi. Alikufa mwaka 1631, na Kiingereza kikabaki na "Hobson's choice", chaguo ambalo ndani yake hakuna cha kuchagua. Watu wengi huitumia vibaya wakimaanisha njia mbili mbaya. Njia mbili mbaya ni "dilemma", na kwetu fisi ndiye mwenye hati miliki ya jambo hilo, maana njia mbili zilimshinda. Kwa Hobson njia ni moja.

Limebaki "opt", kutoka "optare" ya Kilatini, kutaka au kuchagua. Kwenye mazungumzo halisikiki sana, lakini kwenye fomu limetawala: "opt in", yaani kujiunga, na "opt out", yaani kujitoa. Na hapa Kiswahili cha simu na kompyuta kimeleta neno ambalo sijalizoea: chaguomsingi, kwa kile ambacho mashine imekuwekea kabla hujagusa kitu. Kiingereza chake ni "default", neno lililotoka kwenye kukosa na kutotimiza, na bado linaitwa hivyo mtu asipofika mahakamani. Yaani Kiingereza kinakiri kwamba hapo kuna pengo, kuna jambo ambalo mtu hakulifanya. Kiswahili kinaliita chaguo, tena la msingi, ilhali hakuna aliyelichagua, angalau si wewe.

Si suala la maneno tu. Mwaka 2003 Eric Johnson na Daniel Goldstein walichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa nchi za Ulaya kuhusu uchangiaji wa viungo vya mwili baada ya kufa. Ujerumani, ambako mtu alipaswa kujiandikisha ili awe mchangiaji, waliohesabika kuwa wamekubali walikuwa asilimia 12. Austria, ambako kila mtu alihesabika amekubali mpaka ajitoe, walizidi asilimia 99. Wanazungumza lugha moja na wamepakana. Haiingii akilini kwamba ukarimu unabadilika hivyo mtu akivuka mpaka. Kilichobadilika ni nini kinahesabiwa mtu akikaa kimya. Wales iliingia kwenye utaratibu wa kujitoa Desemba 2015, na England Mei 2020. Sina ugomvi na utaratibu huo. Naona unaokoa watu. Ninachokataa ni kuwaita wale asilimia 99 watu waliochagua.

Kwa hiyo nilipoletewa barua ya taasisi moja yenye maneno "If you choose not to respond, you will be deemed to have consented", niliandika: "Usipojibu, tutahesabu kuwa umekubali." Mteja aliirudisha. Alisema inasikika kama amri, akaomba "ukichagua kutojibu". Nikamwuliza kuhusu mtu ambaye barua haitamfikia, au asiyejua kusoma, au aliyelazwa wiki nzima. Huyo hatajibu, na hatakuwa amechagua kitu. Kiingereza kinamhesabu amechagua kwa sababu "choose" linaweza kuchagua hata kutotenda, kama nilivyosema huko juu, na mwandishi wa barua alijua kulitumia. Tukaandikiana kwa siku kadhaa, kwa adabu, yeye na sheria yake, mimi na kitenzi changu. Barua ikatoka na "usipojibu", na chini yake wakaongeza visanduku viwili vya kuweka alama, kimoja cha kukubali na kimoja cha kukataa.